Maswali na Majibu: Tuzo ya mwalimu wa kemia apewe nani?

Kila Siku ya Walimu Duniani, Oktoba 5, inapokaribia, barua za safu hii hubadilika. Maswali ya karo na uhamisho hupungua, ya tuzo huongezeka. Wiki hii nimechagua yanayohusu walimu wa kemia, somo nililolifundisha Eastlands, Nairobi, kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Majina ya waulizaji nimeyaacha, mitaa yao nimeibakisha.

Hujambo Mwalimu? Binti yangu yuko kidato cha tatu. Zamani alikuwa akilia akipewa hesabu za moli. Siku hizi ananisomesha mimi jikoni kwa nini magadi huivisha maharagwe haraka. Ningependa mwalimu wake atambuliwe, lakini mimi ni mama mboga, barua rasmi siijui. — Mama, Donholm

Mama, barua umeshaiandika. Hiyo sentensi ya magadi ina uzito kuliko kurasa nzima za "mchapakazi, mwenye nidhamu na mcha Mungu" ambazo waamuzi huzisoma hadi macho yakauma. Sifa za namna hiyo zinamfaa hata askari wa langoni. Mtoto aliyekuwa akilia na sasa anamweleza mamake kemia ya sufuria ni ushahidi.

Andika kwa Kiswahili chako, ukurasa mmoja tu. Sema mtoto alikuwaje, mwalimu alifanya nini hasa, na sasa mtoto yukoje. Hapo katikati ndipo wengi wanapopaparika. Muulize binti yako: mwalimu alianza lini kuwapeleka maabara? Huwaacha wakosee kwanza, au huandika jibu ubaoni? Wasioelewa huwaita saa ngapi, na huwatoza pesa? Majibu hayo yaingie kwenye barua kama yalivyo.

Barua umpelekee mkuu wa shule, kwa sababu tuzo za humu nchini, ile ya Mwalimu Bora wa Mwaka ikiwemo, kwa kawaida huanzia shuleni na kupanda hadi kaunti na taifa. Kabla ya hapo mwambie mwalimu mwenyewe. Wapo wasiopenda kumulikwa, na ni haki yao. Na usiambatishe picha za watoto wa wenzako bila idhini ya wazazi wao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda watoto, hata kama picha ni ya kusifu.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya kutwa, Kayole. Nilipoingia, wastani wa somo ulikuwa D-. Sasa ni D+. Bureti, ile mirija ya kupimia vimiminiko, zisizovunjika ni tano, wanafunzi hamsini na watano darasani. Nikitaja tuzo, wenzangu stafurumu wanaangua kicheko. Nina haja gani ya kujaribu? — Mwalimu kijana

Waache wacheke, wewe piga hesabu. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, D- ni pointi 2 na D+ ni pointi 4. Umepandisha somo pointi mbili nzima, na watoto ni walewale wa mtaa uleule. Kuna shule zenye maabara za kung'aa ambazo hazijasogea hata nusu pointi, na hakuna anayezicheka.

Ukitaka mfano, unaye wa karibu. Machi 2019, Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko anayefundisha hisabati na fizikia, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani ya Wakfu wa Varkey, dola milioni moja, katika hafla iliyofanyika Dubai. Shule yake, Keriko, ni ya kutwa ya mchanganyiko huko Kaunti ya Nakuru. Ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na wastani wa wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja. Jambo linalosahaulika ni kwamba wanafunzi wake walipata pia tuzo ya Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao. Kwa hiyo kemia nayo ilikuwemo, ingawa si somo lake. Na hakuna aliyemwambia arudi akishapata wastani wa B.

Sasa tuje kwako. Bureti tano kwa watu hamsini na watano ni shida ya kweli, sitaki kukufariji kwa maneno. Karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya majaribio, ina alama 40. Mtoto anayeshika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani tayari amepoteza sehemu ya alama hizo kabla hajaandika jina. Unachoweza kufanya ni kugawa kazi ili bureti ziwe za wanaojifunza titresheni yenyewe, yaani kupima nguvu ya asidi au besi tone kwa tone, na wengine wawe kwenye meza nyingine wakifanya kitu halisi. Petali za maua zilizotwangwa na kulowekwa kwenye spiriti hutoa kiashiria kinachotofautisha asidi na besi. Maji ya ndimu unayo, magadi yako sokoni, majivu yako kwa mama wa chapati nje ya geti. Betri kuukuu za redio hutoa vijiti vya kaboni vya kufanyia elektrolisisi, yaani kutenganisha kemikali kwa umeme. Majaribio ya chumvi yafanyike kwa matone badala ya kujaza mirija, na chupa moja ya kemikali itakufikisha mwisho wa muhula.

Hili si jambo la kubuni kwangu. Kituo cha CEMASTEA kule Karen kimekuwa kikiwafunza walimu wa sayansi kubuni vifaa kutokana na vitu vya kienyeji tangu enzi za mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani. Ukipata nafasi ya mafunzo yao, nenda.

Halafu weka daftari. Kila jaribio: tarehe, wanafunzi wangapi walishika kifaa kwa mikono yao, nini kiliharibika, ulibadilisha nini wiki iliyofuata. Siku ya kujaza fomu ya tuzo, mwenye daftari hujaza kwa jioni moja. Asiye nalo hubaki akitunga, na waamuzi huijua harufu ya utunzi.

Mimi ni mkuu wa shule, Westlands. Tumeamua kombe la kemia la mwaka huu liende kwa mwalimu mwenye A nyingi. Naibu wangu anapinga. Tuamulie.

Naibu wako yuko sahihi. Mwalimu mwenye A nyingi mara nyingi ndiye aliyepewa mkondo wenye watoto waliokuja na alama za juu. Linganisha walivyoingia na walivyotoka, kisha angalia nani amewavusha mbali zaidi. Huenda akawa huyohuyo, na hapo hakuna atakayenung'unika.

Waamuzi wa tuzo ya kaunti watanitembelea darasani mwezi ujao. Nimepanga kuwasha moto wa rangi: namimina methanoli, kimiminiko kinachowaka upesi, kwenye bakuli zenye chumvi tofauti, nazima taa, nawasha. Nimeuona kwenye video, ni wa kuvutia sana. Niongeze nini? — Mwalimu, Lang'ata

Usiongeze kitu. Ondoa methanoli.

Onyesho hilo limeunguza watoto. Januari 2014, wanafunzi wa shule moja ya sekondari jijini New York waliungua mwalimu wao alipokuwa akilifanya. Wiki chache tu kabla ya hapo, mnamo Desemba 2013, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilikuwa imetoa video ya kuonya juu ya onyesho hilohilo. Hatari iko hivi: mvuke wa methanoli ni mzito kuliko hewa, hutambaa mezani bila kuonekana. Moto unapofifia mwalimu huinua chupa aongeze kidogo, mvuke unadaka, moto unaingia ndani ya chupa na kutoka kwa nguvu kama ulimi mrefu kuelekea dawati la mbele. Na wewe unataka kuzima taa juu ya hayo.

Rangi zenyewe hazihitaji methanoli. Loweka vijiti vya mishikaki usiku kucha kwenye maji ya chumvi mbalimbali, kila chumvi na kikombe chake. Asubuhi kila kundi lipitishe kijiti kwenye mwali wa jiko la maabara, madirisha yakiwa wazi na miwani ya kinga ikiwa usoni. Chumvi ya mezani itatoa manjano, mrututu utatoa kijani, kloridi ya kalisi nyekundu ya matofali. Watoto wote wameona, na kila mmoja ameshika.

Kuna jambo jingine ambalo video haikukuambia. Waamuzi wenye akili hawatazami moto. Wanatazama nani anaongea. Wape wanafunzi kijiti ambacho hujawaambia kililowekwa kwenye nini, uwaulize kabla ya kukiwasha: mnatarajia rangi gani, kwa nini? Wakibishana dakika tano huku wewe umenyamaza, umeshajipatia alama nyingi. Nimewahi kukaa upande wa waamuzi, na somo nililolipa alama za juu kuliko yote halikuwa na moshi wala mlipuko. Lilikuwa na swali moja ambalo mwalimu alikataa kulijibu.

Ni mimi ninayechanganya vimiminiko, ninayeosha vyombo, ninayekesha maabarani baraza la mitihani, KNEC, wanapoleta maagizo ya siri ya matayarisho. Mwalimu wetu alitunukiwa cheti na televisheni. Mimi sikutajwa hata kwa bahati mbaya. — Msaidizi wa maabara, South B

Dada, pole. Una haki ya kuudhika. Mchanganyiko ukikosewa kidogo tu asubuhi ya mtihani, darasa zima hupata majibu ya ajabu, na hakuna mwalimu bora atakayelinusuru. Tuzo zetu nyingi huhesabu mtu mmoja kwa sababu cheti kina mstari mmoja wa jina. Uingereza wameliona hili: tuzo za elimu za ile Jumuiya ya Kifalme ya Kemia huwatambua pia mafundi wa maabara, hata timu nzima. Mkuu wa shule yeyote hapa Nairobi anaweza kufanya hivyo Ijumaa ijayo bila kungoja wizara.

Zungumza na mwalimu huyo ana kwa ana, bila watu. Huenda hakujua. Kama alijua, basi televisheni na aangalie peke yake.

Shikamoo. Niko kidato cha pili, Buruburu. Je, kuna Nobel ya walimu wa kemia? Kuna nchi zenye tuzo ya mwalimu wa kemia pekee? — Mwanafunzi

Marahaba, mwanangu. Nobel ya kemia ipo, ya kufundisha kemia haipo. Ila Marekani, Chama cha Kemia cha huko hutoa tuzo ya mwalimu wa kemia wa sekondari iliyopewa jina la James Bryant Conant, mwanakemia aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kuna pia tuzo ya rais wa Marekani kwa walimu wa hisabati na sayansi, iliyoanzishwa mwaka 1983, yenye dola 10,000. Shirika la kimataifa la wanakemia, IUPAC, lina tuzo yake kwa waliochangia ufundishaji wa kemia. Umoja wa Afrika ulizindua tuzo ya walimu wa bara hili mwaka 2019, nayo haibagui somo.

Kwa kuwa umetaja Nobel, nikupe la kuwasimulia wenzako. Lile jedwali la elementi lililobandikwa ukutani kwenu lilizaliwa na shida ya mwalimu. Dmitri Mendeleev alikuwa akifundisha chuo kikuu cha St. Petersburg, akaona hakuna kitabu cha kemia cha kuwafaa wanafunzi wake, akaanza kukiandika mwenyewe. Alipokwama jinsi ya kuzipanga elementi katika sura, ndipo mwaka 1869 akatoa jedwali. Akaacha hata nafasi wazi za elementi ambazo hazijapatikana. Galiamu ilipatikana 1875, ikaketi kwenye nafasi yake. Mendeleev alifariki mwaka 1907 bila Nobel.

Mwalimu wetu wa kemia hakushinda tuzo ya kaunti. Sisi wazazi tumeona uonevu, tumechanga pesa kwenye kikundi cha WhatsApp tumpe bahasha siku ya mkutano wa wazazi. Kuna ubaya? — Mweka hazina, Umoja

Upo. Mwalimu aliyeajiriwa na tume ya walimu, TSC, ni mtumishi wa umma. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003, iliyotumika hadi mwaka 2025, ilimruhusu kupokea zawadi ndogo isiyo pesa, na thamani yake iliwekewa kikomo. Pesa taslimu aliyopewa kwa sababu ya kazi yake ilihesabiwa kuwa mali ya mwajiri, si yake. Mtamtia matatani mbele ya kamera za simu zenu wenyewe.

Mwandikieni barua, mtie sahihi nyote, nakala iende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Itakaa kwenye faili lake na atakuwa nayo tuzo za mwaka ujao zikitangazwa. Pesa zipelekeni kwa bodi ya shule zinunue vifaa vya maabara yake, mkimwuliza yeye kwanza anahitaji nini. Na risiti mwidai siku hiyohiyo.