Rangi Iliyokugusa Haikimbii

Nazungumzia ile michezo ya chemshabongo yenye ubao wa miraba ya rangi mchanganyiko. Unaanzia kona ya juu kushoto, unachagua rangi, na eneo lako lote linageuka rangi hiyo na kumeza kila mraba wa rangi ileile unaopakana nalo. Unaendelea hivyo mpaka ubao mzima uwe rangi moja, kabla hatua ulizopewa hazijaisha. Unaojulikana zaidi ni Flood-It: miraba 14 kwa 14, rangi 6, hatua 25. Nimeucheza kwa muda mrefu pamoja na ndugu zake wenye majina mengine, na kuna jambo moja ninalotamani kila anayeanza aambiwe mapema.

Karibu kila mgeni wa mchezo huu huchagua kwa kutazama mavuno. Anaangalia rangi zinazomgusa, anaona ipi itampa miraba mingi, anaibonyeza. Kwenye mchezo wa watu wawili ningemwelewa, maana usipochukua wewe atachukua mwenzako. Huku hakuna mwenzako. Hakuna mraba unaohama wala kubadilika rangi usipouchukua wewe mwenyewe. Kundi la miraba tisa ya njano linalopakana nawe sasa hivi litakuwa palepale hatua tano zijazo, na bado litakuwa linakugusa. Basi kulichukua hakuna haraka. Chenye haraka ni kujua rangi ipi inakufungulia njia.

Tena kungoja mara nyingi kunalipa. Ukibonyeza njano, unachukua njano zote zinazokugusa kwa wakati huo, iwe kundi moja au manane. Chukulia eneo lako limepakana na kundi la njano na kundi la bluu, na nyuma ya hilo la bluu kuna njano nyingine. Ukianza na njano, kisha bluu, ile njano ya nyuma itakudai hatua ya tatu. Ukianza na bluu, kisha njano, njano zote mbili zinaingia kwa pamoja na umetumia hatua mbili tu. Makundi ni yaleyale, ila umegeuza mpangilio. Sehemu kubwa ya ustadi wa mchezo huu imo humo, na ningeshauri utumie michezo yako kadhaa ya mwanzo kutafuta hali hiyo peke yake: rangi inayonigusa, ambayo ipo pia nyuma ya jirani yangu.

Jambo la pili ni umbali. Kabla sijabonyeza chochote huwa natazama kwanza kona ya chini kulia. Miraba hupakana kwa ubavu tu. Pembe kwa pembe haihesabiki. Kwa hiyo kwenye ubao wa 14 kwa 14, kutoka kona yako hadi ile ya mkabala ni mwendo wa miraba 26, na hatua unazo 25. Ukipita njia ambayo kila mraba una rangi tofauti na uliotangulia, hutafika hata ukicheza bila kupoteza hatua yoyote. Kinachokuokoa ni miraba ya rangi moja iliyoshikana: minne iliyopangana kuelekea unakokwenda inakuvusha yote kwa hatua moja.

Ndiyo maana umbali nausoma kwa makundi na wala si kwa miraba. Anzia kona ya mbali, rudi taratibu kuelekea kwako ukihesabu makundi unayolazimika kuyavuka, kisha jaribu njia nyingine uone kama idadi inapungua. Kundi jembamba lililonyooka kuelekea mbali linaweza kuwa na miraba mitatu tu na likawa bora kuliko kundi nono la miraba kumi lililojikunja ubavuni mwako. Lile nono litakusubiri.

Njia hiyo mara nyingi naipitisha katikati ya ubao. Ukitambaa kandokando ya ukuta, upande mmoja wa eneo lako unakuwa haugusi kitu. Ukitoboa katikati, eneo lako linapata mipaka pande zote, kila rangi unayobonyeza inakutana na makundi mengi kwa mkupuo, na kona zote tatu zilizobaki zinakuwa karibu. Hapo ndipo yale manono yaliyoachwa nyuma yanapoingia, mara nyingi bila kuyatafuta, kwa sababu rangi zao utazihitaji tu njiani.

Ukishavuka katikati, hesabu vitu viwili. Kwanza, rangi ngapi bado zipo nje ya eneo lako: huwezi kumaliza kwa hatua chache kuliko hizo. Pili, makundi mangapi yapo kati yako na kundi la mbali kuliko yote: huwezi kumaliza kwa hatua chache kuliko hizo pia. Namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili ikizidi hatua zilizobaki, ubao huo umekwisha na unaweza kuanza upya bila majuto. Na likifika lile jambo zuri, kila kundi lililobaki likawa linakugusa moja kwa moja, hatua zinazohitajika ni sawasawa na idadi ya rangi zilizobaki, na unaweza kuzibonyeza kwa mpangilio wowote.

Kinachochelewesha hali hiyo kufika ni vile visiwa vya kwenye kona na kuta: mraba mmoja wa kijani uliojificha nyuma ya mwekundu, nao mwekundu upo nyuma ya zambarau. Kisiwa cha namna hiyo kinakula hatua tatu za mwisho kwa ajili ya miraba mitatu. Vitazame mapema. Ukiwa na rangi mbili zenye faida inayolingana, chagua ile inayomenya ganda la nje la kisiwa kama hicho.

Kuna wanaopenda kufuta rangi moja kabisa ubaoni mara tu inapowezekana. Mimi siharakishi. Ikiwa kijani chote kilichobaki kinanigusa, kitanigharimu hatua moja leo au mwishoni, na nyuma yake kama hakuna kitu ninachokihitaji, hatua ya sasa naipeleka kwingine.

Usijidai kutafuta jibu kamilifu pia. Mwaka 2010 Raphaël Clifford, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, na wenzake walionyesha kwamba, kuanzia rangi 3, kutafuta idadi ndogo kabisa ya hatua ni katika yale matatizo ambayo hata kompyuta haina njia ya haraka inayojulikana ya kuyatatua kila mara. Kuona hatua tatu mbele kunatosha kabisa, na hilo jicho hulizoea.

Kwa mazoezi, ushauri wangu ni kurudia ubao uleule badala ya kukimbilia mpya, kama programu yako inaruhusu. Rudia hata ulioshinda. Umemaliza kwa hatua 24? Jaribu 23. Andika mpangilio wa rangi ulizobonyeza, tafuta hatua mbili zinazofuatana unazoweza kuzigeuza mpangilio, ucheze tena. Mimi hatua hiyo ya ziada huiona karibu kila mara mwanzoni, kabla eneo halijafika katikati, pale nilipochukua kundi kubwa ambalo lingeweza kungoja.