Nani anavuta kromosomu? Maswali ya wasomaji kutoka Hombolo na Chang'ombe

SWALI: Habari za kazi hapo gazetini. Mimi ni mkulima wa zabibu huku Hombolo. Mwezi uliopita napogoa, mkasi ukateleza ukanikata kidole cha shahada, damu ilitoka sana lakini sa hivi pamefunga, hata alama unaitafuta. Kijana wangu yuko fomu foo, ananiambia seli ziligawanyika, kromosomu zikavutwa huku na huku. Nikamuuliza nani anavuta, na anajuaje muda umefika? Akakwama. Tusaidieni.

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole ya kidole. Kijana asijione mjinga, maana hata wataalamu walikaa miaka mingi wanaona kromosomu, yani vile vifurushi vinavyobeba vinasaba vya seli, zinatembea kwenye darubini na hawajui kinachozitembeza.

Tuanzie pale palipokatika. Seli za tabaka la chini la ngozi, pembeni ya kidonda, ndo zilianza kugawanyika kuziba lile pengo. Kila moja ina kromosomu 46, inazinakili zote kwanza, halafu ndani ya kama saa moja hivi lazima zitenganishwe sawasawa, 46 huku na 46 kule, ikizidi au kupungua moja ni matatizo. Kwa kazi hiyo seli inajenga vijibomba vyembamba mno, mikrotubuli, kutoka ncha mbili, na juu ya hivyo vijibomba ndo wanapita hao wavutaji unaowauliza. Ni protini, zinaitwa protini mota kwa sababu zinatembea kweli, zina kama miguu, zinatumia ATP ambayo ndo mafuta ya seli, na hatua yao ni nanomita 8, yani chukua milimita moja uikate vipande milioni, hatua ni vipande 8 tu.

Mojawapo ni Eg5, ya ukoo wa kinesini. Ina miguu miwili huku na miwili huku, inakanyaga kijibomba cha ncha hii na cha ncha ile kwa pamoja, ikitembea vinapishana na ncha zinaachana. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kemikali inaitwa monastroli inayoizuia Eg5, wakaiweka kwenye seli, ncha zikabaki zimegandana katikati na kromosomu zimezizunguka duara, ukiangalia picha ni kama jua alilochora mtoto. Seli ikakwama hapohapo. Mota nyingine, dainini, yenyewe inatembea kurudi kwenye ncha. Na nisikudanganye kwamba mota zinafanya yote, mvuto wa mwisho unatokana sana na vijibomba vyenyewe kumomonyoka huku kromosomu imeng'ang'ania kipande kinachobaki, inaburutwa nacho.

Sasa anajuaje muda umefika. Kuna protini zingine zinaitwa kinasi, asichanganye na kinesini, yamefanana majina tu. Kinasi inachukua fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, kutoka kwenye ATP inaibandika kwenye protini nyingine, na iliyobandikwa inabadilika tabia, inaamka, inalala au inaachia ilichoshika. Mkubwa wao hapa ni CDK1, yeye ndo anaanzisha shughuli nzima, na mpaka aibandike Eg5 kwenye mkia ndo Eg5 inakamata vijibomba vizuri.

Na huyu CDK1 mzee tumemjua kwa njia inayopita jirani na kwako. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alipata hamira kwenye pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe, ndio, pombe hii hii. Miaka ya 1970 Paul Nurse wa Uingereza akaichunguza hamira hiyo akapata jeni inayoamua lini seli igawanyike, ndo hiyo inayotengeneza CDK1, na 1987 ikaonekana ukitoa ya hamira ukaweka ya binadamu, hamira inaendelea kugawanyika kama kawaida! Mwaka 2001 akapewa Nobeli pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Kijana akikutana na hilo jina la pombe kitabuni ajue ni neno letu.

Kinasi ninayoipenda kuliko zote ni Aurora B, inakagua mafundo, yani pale kromosomu inapofungwa kwenye vijibomba. Wewe ukifunga ng'ombe si unaivuta kwanza kamba uone kama imekaza? Kromosomu pacha, yani kromosomu na nakala yake, zikifungwa zote upande mmoja kamba inalegea, Aurora B inalifikia fundo, inabandika fosfeti, fundo linafunguka, zinafungwa upya. Zikifungwa moja huku moja kule kamba inakaza, fundo linavutwa mbali nayo, haliguswi tena. Na kromosomu moja tu ikiwa haijafungwa, seli nzima inasubiri. Yote haya yalikuwa yanafanyika kidoleni kwako wewe umefunga kitambaa uko shambani na zabibu zako.

SWALI: Niko Chang'ombe hapa Dodoma. Mama anachomwa vinkristini, ana saratani ya damu. Tuliambiwa inazuia seli kugawanyika, sasa mbona vidole vinamfa ganzi mpaka vifungo vya blauzi namfungia mimi?

JIBU: Pole sana dada, na mpe pole mama. Dawa hiyo inatokana na ua la asili ya Madagaska na inazuia vijibomba nilivyovieleza hapo juu visijengeke, seli ya saratani inakwama katikati ya kugawanyika. Shida ni kwamba mishipa ya fahamu nayo inavitumia vijibomba hivyohivyo kama reli, kinesini zinabeba mizigo kutoka uti wa mgongo mpaka ncha za vidole, tena kinesini yenyewe iligunduliwa 1985 kwenye mishipa ya fahamu ya ngisi. Reli ikiharibika, mishipa mirefu ndo inaumia kwanza, ndo maana ni vidole vya mikono na miguu. Mwambieni daktari kabla ya sindano inayofuata, mkitaja na hivyo vifungo, na kama choo kinakuwa kigumu semeni pia maana chanzo kinaweza kuwa hichohicho. Kuna wakati dozi inapunguzwa au inasogezwa mbele, ila aamue daktari, msiikatishe wenyewe.