Mbona GPU (kichakataji cha michoro) inashindwa na CPU (kichakataji kikuu cha kompyuta)?

SWALI: Mhariri, nasoma chuo hapa Dodoma. Kwenye somo la ukokotoaji mseto (kutumia CPU na GPU pamoja) tumepewa zoezi la kujumlisha safu mbili za namba milioni 10. CPU inamaliza kwa milisekunde 6 hivi. Nikiandika kwa CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuandikia programu za GPU, nikapima mpaka jibu lirudi, GPU inafika 300! Nimekosea wapi? – Mwaka wa tatu, Ng'ong'ona

JIBU: Programu yako huenda ni sahihi kabisa. Sehemu kubwa ya hizo 300 ni kuamsha kadi ya GPU: mwito wa kwanza wa CUDA huandaa mazingira yake, na huko huliwa milisekunde mia na ushee. Weka cudaFree(0) mwanzoni, endesha keneli (kipande cha programu kinachotekelezwa na GPU) mara moja bila kupima, ndipo uwashe saa na kurudia mara 20. Kabla ya kuizima, ita cudaDeviceSynchronize. CPU ikishatuma keneli haiisubiri, ndiyo maana wapo wanaotamba na milisekunde 0.02, kumbe wamepima kutuma tu.

Hata ukirekebisha, bado utashindwa, kwa sababu ya nauli, yaani muda wa kusafirisha data kati ya memori ya kompyuta na kadi. Namba milioni 10 za float (baiti 4 kila moja) ni MB 40. Safu mbili zinakwenda, moja inarudi: MB 120. PCIe 3.0 ya njia 16, barabara inayounganisha kadi na kompyuta, ina takriban GB 16 kwa sekunde kwenye karatasi, kiutendaji kama 12. Tayari ni milisekunde 10 za usafiri mtupu. Umekodi fuso Kibaigwa kuleta debe moja la mahindi mjini. Ukitenga memori kwa cudaMallocHost badala ya malloc, usafiri huwa mwepesi zaidi, lakini hesabu yenyewe ni kujumlisha mara moja kwa kila jozi. Haiwezi kulipa nauli.

Sasa zidisha matriki mbili za 4096 kwa 4096. Mzigo ni MB 200 hivi, ila hesabu ni bilioni 137, kwani kila namba inatumika mara 4096. Hapo utaiona GPU.

Muda ukizidi kupanda kila unaporudia, fungua nvidia-smi, programu ya kuangalia hali ya kadi, usome joto. Likikaribia nyuzi 90, laptopu nyingi hujipunguzia kasi, na vumbi la kiangazi cha huku huziba feni haraka.

SWALI: Bila kadi ya NVIDIA nitajifunzaje? – Msomaji, Kondoa

JIBU: Weka PoCL, programu inayoendesha OpenCL kwenye CPU, uandike kwa OpenCL, mfumo unaofanana na CUDA lakini usiofungwa na NVIDIA, keneli zitaendeshwa na CPU uliyonayo. Kasi hutaipata, ila makosa mengi ya faharasa (kusoma au kuandika nafasi isiyo sahihi kwenye safu) utayaona.