Umeniuliza kuhusu kazi, nakujibu kuhusu mjomba wako

Mwanangu,

Umeniuliza kama, na hiyo shahada yako ya saikolojia, uombe nafasi kwenye utafiti wa uraibu au ukakae na waraibu wenyewe kliniki. Nimesoma meseji yako mara mbili, na mara zote mbili nimemwona mjomba wako.

Ulikuwa darasa la tatu, tukadhani huelewi. Ni 2011, mwaka ule ule kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya waraibu wa heroini, ilipofunguliwa Muhimbili. Mimi hata sikuwa na habari nayo. Nilimfungia chumba cha uani siku tatu, kufuli kwa nje, nikiamini arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikiisha na unga umeisha. Alitapika, akatetemeka, akaniita kwa jina la utotoni. Siku ya nne nikafungua kwa furaha, nikampikia supu. Magharibi hayupo, na cherehani yangu haipo.

Baadaye akaja binti na dodoso, mhitimu kama wewe. Akauliza, "Amewahi kujaribu kuacha?" Nikadakia, "Thubutu!" Yule binti hakuandika. Akamgeukia mjomba wako, akangoja.

"Mara nne," akasema.

Mara nne, ndani ya nyumba yangu! Hilo linanichoma kuliko cherehani.

Ndiyo maana nawaambia kila siku: muulize mwenyewe. Kwa hiyo utafiti? Lakini dodoso halikumtuliza. Kilichomtuliza ni kile kikombe cha methadoni cha dirishani pa kliniki, kila asubuhi, Idi na Jumapili, anakunywa mbele ya nesi kisha anasemeshwa kidogo, wajue amemeza. Dawa ile hukaa mwilini hadi kesho yake, arosto isipate mlango. Na alipoona aibu akaacha kwenda, mshauri ndiye aliyempigia simu. Basi kliniki! Ila tena, nani angejua kikombe kinafaa, kama si hao wa kuuliza na kuhesabu? Unaona unavyonichosha.

Baba yako kanikataza nisikuchagulie, nami nimeahidi. Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, nalimeza kama mjomba wako na kikombe chake.

Mjomba wako anakusalimu. Mwezi uliopita alileta cherehani ya mtumba, hakusema neno, akaiweka pale pale ilipokuwa ile. Inakata uzi, lakini naishonea hivyo hivyo.

Mama yako