Farasi wa mbio huenda wapi akistaafu?

Ndugu, umeuliza kama bingwa hutunzwa mpaka kufa. Si lazima. Farasi aitwaye Ferdinand alishinda Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi Marekani, mwaka 1986, na mwaka uliofuata akatajwa Farasi Bora wa Mwaka Marekani. Mwaka 1994 aliuzwa Japani awe dume la mbegu. Wateja wa kupandisha majike yao walipopungua, akapelekwa machinjioni mwaka 2002, na Wamarekani walikuja kupata habari mwaka 2003. Kama bingwa alifanyiwa hivyo, fikiria yule asiyeshinda hata mara moja.

Hao ni wengi. Dume aliyehasiwa hazalishi, na kumlisha ni gharama kila siku, kwa hiyo huweza kupelekwa mnadani, ambako wapo wanunuzi wanaokadiria bei kwa kilo za nyama tu. Machinjio ya mwisho ya farasi Marekani yalifungwa mwaka 2007, lakini malori yaliendelea kuwavusha kwenda Kanada na Mexico. Ndani ya mdomo wa juu wa wengi kulikuwa na namba ya chale. Ukiuinua, unaweza kumtambua ni nani. Inaniuma sana hiyo.

Wenye bahati hufundishwa upya kuruka viunzi au kubeba wapanda farasi wa kawaida. Baada ya Ferdinand, baadhi ya wamiliki walianza kuweka sharti la kumnunua tena farasi wao. Silver Charm, bingwa wa Kentucky Derby wa 1997, alirudishwa kutoka Japani mwaka 2014, akapelekwa Old Friends, shamba la kutunzia farasi waliostaafu huko Kentucky.