Chanzo Hupimwa Ulanzi Ukiisha

Wiki mbili zilizopita niliwasindikiza vijana wawili wapya, mhandisi mmoja na fundi sanifu mmoja, kwenda kupima chemchemi katika kijiji kimoja cha Mufindi. Mvua ya Machi ilikuwa imenyesha usiku kucha, gari tulikuwa tumeliacha kilomita tatu nyuma kwa sababu ya utelezi, na chemchemi yenyewe ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga. Vijana walikinga ndoo, wakatazama saa ya simu, wakaandika sekunde tisa kwenye fomu ya maombi ya fedha, kisha wakapiga picha na kuniambia kwa furaha kwamba mradi umeshakaa. Sikusema kitu pale bondeni, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na viatu vyangu vimejaa maji. Usiku, hata hivyo, nilikosa usingizi, kwa sababu mimi nami nilipata kuandika sekunde za namna hiyo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nikazitia saini.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya maji vijijini. Sitawafundisha mita 400 hadi kituo cha maji, watu 250 kwa kituo wala lita 25 kwa mtu kwa siku, maana hayo mmetoka nayo chuoni mkiwa mmeyakariri kama sala. Nitayasema yale yanayorudiwa kila mwaka na kila kundi linaloajiriwa, likiwamo kundi langu.

1. Jueni fedha mnayoitumia ni ya nani. Nasikia mkisema "hela ya wazungu" kana kwamba yote ni moja, na jambo hilo linanikera kuliko mnavyodhani. Ipo ruzuku, ambayo serikali ya nchi rafiki hutoa bila kudai irudishwe. Wadenmaki walifanya hivyo katika mikoa yetu kupitia Danida, shirika lao la misaada, na mpango wao mkuu wa maji wa mwaka 1982 kwa mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, wakati Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa, ni kazi ambayo kila mmoja wenu angepaswa kuifungua walau mara moja kabla ya kujidai kwamba amegundua chanzo. Upo mkopo nafuu, kama ule wa dola milioni 350 ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2018 kwa ajili ya maji na usafi wa mazingira vijijini, ambao ulipangwa kutolewa kadiri matokeo yanavyohakikiwa na si kadiri mabomba yanavyonunuliwa. Unaitwa nafuu kwa sababu riba ni ndogo na muda wa kuulipa ni mrefu, lakini ni deni. Na zipo fedha za ndani, zikiwamo za Mfuko wa Maji wa Taifa, unaopata shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli, kwa hiyo hata bodaboda aliyekuvusha matope hadi kijijini amekwisha kuchangia mradi wako kabla hujashuka.

2. Pimeni chanzo wakati maji yamepungua. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu siwezi kulisema jambo hili kwa sentensi moja.

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka mitatu kazini, katika wilaya moja ya milimani ambayo sitaitaja, na tulikuwa tukikimbizana na miradi ya vijiji kumi kwa kila halmashauri. Maombi yalitakiwa yafike mkoani kabla ya mwisho wa Machi, ili fedha ziwe zimefungiwa mkataba kabla ya tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha; na ninyi mnajua Juni 30 inavyomgeuza mtu mwenye akili timamu. Nilifika kijijini katikati ya Machi. Mianzi yote iliyopakana na njia ilikuwa imefungwa mbeta za kukingia utomvu, na kijiji kizima kilikuwa na ule uchangamfu wa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi inayogemwa wakati wa mvua. Mwenyekiti alinipa kijana wa kunionyesha chemchemi, na nyuma yetu akafuata mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye hakuna aliyemwita. Nikamwamkia "Kamwene, babu," naye akaitikia, akakaa juu ya jiwe akinitazama.

Nilikinga ndoo ya lita 20 mara tatu. Ilijaa kwa sekunde nane, nane, na nane na nusu. Nikaandika lita mbili na nusu kwa sekunde, sawa na lita 216,000 kwa siku. Kijiji kilikuwa na watu 2,600, na kwa makadirio ya miaka 20 ijayo nilikuwa nimewafikisha 4,000. Hao kwa lita 25 kila mmoja, pamoja na asilimia 20 ya upotevu, walihitaji lita 120,000. Nilijiona tajiri. Nilipokuwa nikifunga daftari ndipo mzee aliposema, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi: "Mwanangu, hayo uliyopima ni maji ya ulanzi. Rudi ulanzi ukiisha."

Nilicheka. Hilo ndilo ninalolionea aibu zaidi kuliko hesabu yenyewe. Nilicheka pamoja na yule kijana wa mwenyekiti, nikamshukuru mzee kama mtu anavyomshukuru mtoto aliyemletea kiti kibovu, nikashuka kwenda kuandika taarifa. Katika fomu hapakuwa na mahali pa kuandika tarehe ya kipimo, nami sikuona sababu ya kuiongeza.

Mradi ulijengwa: kidakio cha kukusanyia maji ya chemchemi, tenki, bomba kuu na vituo 16 vya kuchotea maji. Wageni wa washirika wa maendeleo walikuja Mei, kama wanavyokuja siku zote, kwa kuwa Mei barabara zimeanza kukauka na milima bado ni ya kijani. Maji yalitoka kwa nguvu hadi yakamlowesha mgeni mmoja suruali, watu wakapiga makofi, na picha yake akicheka ilikaa ukutani ofisini kwetu kwa muda mrefu. Katika taarifa ya robo mwaka niliandika vituo 16 kati ya 16 vinatoa maji, na siku niliyoandika ilikuwa kweli.

Oktoba ya mwaka uliofuata nilipita kijijini hapo kwa shughuli nyingine kabisa. Kituo namba 14 kilikuwa mbele ya shule ya msingi, na nilikuwa nakipenda kwa sababu saruji yake nilisimamia mwenyewe hadi ikang'aa. Nilikuta mama mmoja ameanika maharage juu yake. Ameyatandaza vizuri, bila mkeka, kwenye sakafu ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ndoo, na mfereji wa kutolea maji ameuziba kwa kitambaa ili maharage yasidondokee humo. Nilimwamkia, nikamuuliza kama maharage hayataharibiwa na maji mtu akija kuchota. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgeni asiyejua nchi. "Hapa ni pakavu, baba. Toka Agosti."

Nilipanda hadi kwenye chanzo nikiwa na ndoo niliyoiazima kwake. Ilijaa kwa sekunde 32. Pigeni hesabu wenyewe: ni lita 54,000 kwa siku, wakati wale watu 2,600 peke yao, bila nyongeza ya miaka 20 na bila upotevu, walihitaji 65,000. Zaidi ya hayo, mdomo wa bomba nilikuwa nimeuweka kwa kufuata kina cha maji ya Machi, kwa hiyo Oktoba ulikuwa ukivuta maji nusu na hewa nusu. Vituo vya bondeni vilichukua kidogo kilichokuwapo, na kitongoji cha juu, chenye shule, kilirudi kwenye kisima cha zamani katikati ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, pale ng'ombe wanaponywea. Foleni ilianza saa tisa usiku. Nililijua hilo kwa sababu niliuliza, na niliuliza kwa sababu sikuwa tena na mahali pa kujificha.

Mzee nilimkuta nyumbani kwake. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa, lakini alinikaribisha uji, akaniuliza habari za wazazi wangu, na hakulitaja jambo la chemchemi hata kidogo hadi nilipolitaja mimi. Ndipo akanieleza kwamba kwenye ukingo wa jabali la pale chanzoni ipo alama nyeupe, ambayo maji hayakuwahi kushuka chini yake tangu alipokuwa mvulana, na kwamba angenionyesha siku ile ile kama ningeuliza. Tulikwenda wote. Alama ilikuwepo, mkono mmoja chini ya bomba langu.

Kurekebisha kulichukua miaka minne, chanzo cha pili na kilomita nne za bomba, na fedha zilizotumika zilikuwa za ndani. Mkopo uliojenga mradi wa kwanza, kwa kadiri ninavyofahamu mikopo ya aina ile, bado unalipwa, na baadhi ya watakaoumaliza walikuwa hawajazaliwa maharage yalipoanikwa kwenye kituo namba 14.

3. Kila mita 10 za mteremko ni bar moja ya msukumo wa maji, na bomba hupasuka usiku, wakati vituo vimefungwa na maji yamesimama, wala si mchana mnapolikagua. Milima yetu haina huruma na bomba la bar 10 lililoshushwa mita 160 bila tenki la kupunguza msukumo.

4. Eneo la kituo waulizeni akina mama, tena wakiwa peke yao. Katika mkutano wa kijiji wanaume watakionyesha karibu na kilabu.

5. Choo si kiambatisho cha mradi wa maji. Wahandisi tuna ugonjwa wa kupenda mabomba, na fedha ya usafi wa mazingira tunaiona kama ya Idara ya Afya. Shuleni kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, pamoja na chumba cha kujisitiri wasichana, na ukijenga matundu bila kufikisha maji umejenga stoo ya mafagio. Niliwahi kukagua shule moja kwenye baridi ya Makete ambako kila darasa lilikuwa na kibuyu chirizi kipya cha kunawia mikono, vyote vimefungwa kwa kamba ya rangi moja, na sabuni zote zikiwa hazijaguswa na mkono wa mtoto yeyote. Nilimsifu mwalimu mkuu. Baadaye mtoto wa darasa la pili, kwa heshima zote, akaniuliza kama baada ya mimi kuondoka wataruhusiwa kuvitumia. Tangu siku hiyo ziara za usafi nazifanya bila kutoa taarifa, na nimepoteza marafiki kadhaa.

6. Msikabidhi mradi kwa CBWSO, yaani jumuiya ya watumia maji ya kijiji, isiyo na fundi anayejua kufungua chemba ya valvu, wala daftari la mapato. Tangu sheria ya mwaka 2019 ilipoanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, vyombo hivi vina mahali pa kukimbilia, lakini mahali hapo ni wewe, na simu itapigwa Jumapili.

7. Msiogope kutopendeza kwenye karatasi. Yule mhandisi kijana, nilipomweleza haya ofisini, aliniuliza swali la haki: "Mzee, fomu inatakiwa Machi, Oktoba ni mbali, tufanyeje?" Andikeni kipimo na tarehe yake, hata kama fomu haikuuliza. Andikeni pia kwamba ni cha masika. Mtafuteni mzee au mama anayelima kinyungu jirani na chanzo, awaonyeshe alama ya maji ya Oktoba, na mkadirie kwa kufuata alama hiyo. Angalieni kama mita 60 za kando ya chanzo zimeshapandwa milingoti (mikaratusi), kwa sababu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu chanzo hapo na milingoti haisomi sheria. Mradi wenu utaonekana mdogo kuliko wa wilaya jirani, na mkuu wenu atakasirika kwa muda wa wiki moja hivi.

Zile sekunde tisa za Mufindi nimeziandikia tarehe kwa kalamu nyekundu na fomu nimeirudisha mezani kwao. Ndoo ni ile ile, imo stoo, nimeiandika jina ili isibebewe mchanga. Katikati ya Oktoba nitaondoka Iringa mjini saa kumi na moja alfajiri kwenda pale pale, na gari lina nafasi mbili nyuma.