Maswali ya Wasomaji: Roketi Nzito Kabla Haijaruka

Barua za mwezi huu zimeelekea karibu zote upande mmoja, nao ni maandalizi ya roketi kubwa pamoja na setilaiti zinazobebwa. Nimechagua kuyajibu kwa mfano wa Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyorushwa mara 117 kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, kati ya mwaka 1996 na 2023.

Swali: Ndugu Mhariri, kwa nini chombo kinachomaliza kazi yake kwa nusu saa huandaliwa kwa wiki nyingi? Je, hakiwezi kuletwa kutoka kiwandani kikiwa tayari? – Msomaji, Tanga

Jibu: Ariane 5 ilikuwa na uzito wa takriban tani 780 inapoondoka, na zaidi ya tani 650 kati ya hizo ni mafuta, kwa hiyo hakuna meli wala barabara ambayo mtu mwenye akili timamu angeipitisha ikiwa imejazwa. Sehemu yake kuu ilitoka Les Mureaux nchini Ufaransa na ya juu ikatoka Bremen nchini Ujerumani, zikavuka Atlantiki kwa meli hadi bandari ndogo ya Pariacabo, jirani na Kourou. Roketi mbili za kando, ambazo zilitoa zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya kunyanyua, zilibeba tani 240 hivi za mafuta magumu kila moja, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ilitengenezwa palepale Guyana: unga wa alumini na chumvi yenye oksijeni hukandwa pamoja na mpira laini, kisha rojo hilo humiminwa ndani ya silinda ya chuma na kuachwa ligande.

Baada ya hapo sehemu kuu husimamishwa wima juu ya meza inayotembea kwenye reli, roketi za kando hufungwa ubavuni, na meza nzima huvutwa hadi jengo la pili, ambako setilaiti hupandishwa juu. Safari ya mwisho hadi mahali pa kurushia, isiyofika hata kilomita tatu, hufanywa kwa kawaida siku moja au mbili kabla ya kuruka.

Swali: Nimesikia roketi moja hubeba setilaiti mbili za wenyewe tofauti. Zinakaaje bila kugongana, na kwa nini watu wanaozihudumia huvaa kama wapiga mbizi? – Msomaji, Zanzibar

Jibu: Setilaiti ya chini hufunikwa na ganda imara, mithili ya pipa lililopinduliwa, na ile ya juu hukalia ganda hilo. Zote mbili hufunikwa na kofia ya roketi, ambayo huvuliwa angani baada ya hewa nzito kupitwa. Zikifika, ya juu huachiwa kwanza, ganda linaondolewa, ndipo ya chini inatoka.

Kuhusu mavazi, umeona sawasawa. Setilaiti hufika Guyana tanki zake zikiwa tupu, na hujazwa katika vyumba ambavyo hewa yake huchujwa vumbi. Mafuta yanayotumika sana ni haidrazini, ambayo ni sumu kali, pamoja na kimiminika kingine kinachowaka mara tu vinapokutana, bila kiberiti. Ndiyo maana wajazaji huvaa suti zilizofungwa kabisa na kuvuta hewa kwa mpira, huku wenzao wote wakiwa wametolewa chumbani. Darubini ya James Webb, iliyosafiri peke yake katika Ariane 5, ilianza kujazwa tarehe 25 Novemba 2021, na kazi hiyo ikamalizika tarehe 3 Desemba.

Mapema mwezi huohuo wa Novemba, mshipi wa chuma unaokishika chombo kwenye kitako chake ulikuwa umefyatuka kabla ya wakati na kuitikisa darubini nzima. Ilibidi ipimwe upya, na siku za kungoja zikaongezeka. Wengi walinung'unika wakati ule. Mimi naona tikiso lililotokea chini, mbele ya macho ya mafundi, ni la heri kuliko lililotokea mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

Swali: Kwa nini roketi yenyewe haijazwi mapema? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Roketi za kando huwa zimekwisha jazwa. Tatizo ni sehemu kuu, inayotumia oksijeni ya kimiminika yenye nyuzi 183 chini ya sifuri na haidrojeni yenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Katika joto la Guyana vimiminika hivyo huchemka na kutoweka muda wote, kwa hiyo hutiwa saa chache tu kabla ya kuruka na kuongezwa kidogo kidogo karibu hadi mwisho. Dakika saba kabla ya wakati uliopangwa, kompyuta hushika usukani. Injini kuu huwashwa, huchunguzwa kwa takriban sekunde saba roketi ikiwa bado imesimama, na ikiridhisha ndipo roketi za kando huwashwa. Hizo zikishika moto hazizimiki. Tarehe 30 Machi 2011 injini kuu iliwaka, kompyuta ikaona kasoro na kuizima. Setilaiti mbili, Yahsat 1A na New Dawn iliyokusudiwa kuhudumia Afrika, zikarudi kungoja hadi tarehe 22 Aprili.

Swali: Hapa kazini tuliambiwa kwamba setilaiti ya Al Yah 3 ilikosea njia kwa sababu ya tarakimu moja. Ukaguzi wote huo ulikuwa wapi? – Msomaji, Abu Dhabi

Jibu: Ni kweli. Tarehe 25 Januari 2018 Ariane 5 iliondoka na Al Yah 3 pamoja na SES-14, ikiwa na sifa ya safari 82 mfululizo zilizofanikiwa. Kabla ya kuruka, vifaa viwili vinavyohisi mwendo wa roketi lazima vielezwe vinaelekea wapi, kama nahodha anavyoweka dira kabla ya kutweka tanga. Kwa safari za kawaida za aina hiyo pembe huwa nyuzi 90. Safari hii ilikuwa na masharti yake na ilihitaji 70, na thamani iliyoandikwa haikuwa sahihi. Roketi ikapinda takriban nyuzi 20 kuelekea kusini, na kituo cha Natal nchini Brazili, kilichoelekeza antena pale ilipotarajiwa, hakikusikia kitu. Setilaiti zote mbili zilijikokota hadi mahali pake kwa nguvu zake zenyewe.

Ukaguzi ulikuwapo, lakini vifaa vyote viwili vilipewa thamani ileile yenye kosa, basi vikakubaliana, na kompyuta haikuwa na sababu ya kushtuka. Ndivyo ilivyokuwa hata katika safari ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996: programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilishindwa kuhimili namba kubwa kuliko ilivyotazamiwa, kifaa cha akiba kikazima, na kile kikuu kikafuata mara moja kwa sababu ileile. Roketi ililipuka kabla dakika moja haijatimia, pamoja na setilaiti nne za Cluster. Kifaa cha akiba hukinga dhidi ya kuharibika. Dhidi ya kosa lililoandikwa na binadamu kinga ni binadamu mwingine anayelisoma upya karatasi bila kujua mwenzake amepata jibu gani.

Swali: Je, ni kweli Malindi ina sehemu katika safari hizi? – Msomaji, Lamu

Jibu: Ni kweli kabisa. Ariane 5 iliyoelekea mashariki ilipokezanwa na vituo vya antena za kuisikiliza, vya Kourou, Natal, kisiwa cha Ascension, Libreville, kisha Malindi, na kila kimoja kilipaswa kujaribiwa na kuthibitisha kuwa tayari kabla ya ruhusa kutolewa. Tarehe 25 Desemba 2021 Webb iliruka saa tisa na dakika 20 alasiri kwa saa zetu. Dakika 27 baadaye iliachana na roketi, ikakunjua bawa lake la umeme wa jua, na antena ya Malindi ilikuwa ikisikiliza.